Mapigo Ambayo Hayajaonekana: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Skani ya Mapema

Mama huyu alifika kliniki yetu, upande wa Eastlands hapa Nairobi, asubuhi ya tarehe 24 Juni, akiwa na bahasha ya kaki yenye picha mbili za skani na ripoti ya ukurasa mmoja, na begani mkoba wenye leso mbili na pedi ambazo alikuwa ameambiwa aende nazo akasafishwe mji wa mimba. Hakuja kutafuta maoni ya pili. Kituo alikopigwa skani siku iliyotangulia hakikuwa na mtu wa kumsafisha siku hiyo, jirani akamwelekeza kwetu, naye alichotaka ni kazi imalizwe kabla ujasiri haujamwisha. Ana umri wa miaka 31, anaishi Kayole na mume wake na binti yao wa miaka 5, na anauza nguo za watoto za mitumba Gikomba. Nimeyabadilisha mambo machache ambayo yangemtambulisha. Yanayohusu mimba yake sikuyagusa, kwa sababu huko ndiko kuliko na funzo kwetu sisi wakunga.

Ripoti aliyokuja nayo iliandikwa kwa Kiingereza, kama kawaida ya jiji hili, na nilipoisoma sikuona uongo ndani yake. Ilisema kwamba mfuko wa mimba umo ndani ya mji wa mimba, kwamba kipenyo chake ni milimita 14, kwamba kiinitete, yaani mtoto wa wiki za mwanzo, kina urefu wa milimita 3 na kwamba mwendo wa moyo haukuonekana. Kilichoharibu mambo ni sentensi ya Kiswahili aliyoambiwa akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ukiwa bado unafunga leso kiunoni: "Mama, mtoto hana mapigo, mimba imeharibika, kesho ukasafishwe." Karatasi ilisema haukuonekana, mdomo ukasema hana. Katika nafasi hiyo ndogo kati ya karatasi na mdomo mwanamke huyu alilala usiku mzima akijua kwamba amebeba maiti.

Nilianza na hesabu ya siku zake, kwa sababu mara nyingi kosa huanzia hapo. Alikuwa ametoa tarehe 3 Mei kama siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, na kwa hesabu hiyo mimba ilikuwa na wiki 7 na siku 2 alipopigwa skani tarehe 23 Juni. Nilipomwuliza kwa utulivu, ilibainika kwamba alikuwa ametumia sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi kwa zaidi ya miaka miwili, kwamba ya mwisho alidungwa mwezi wa Januari, na kwamba damu ya tarehe 3 Mei ilikuwa matone ya siku mbili yaliyofuata miezi mingi bila hedhi yoyote. Baada ya sindano ile, mwili hurudia utaratibu wake polepole na bila ahadi. Damu inaweza kuonekana bila yai kutoka, na yai linaweza kutoka bila damu kutangulia. Tarehe 3 Mei, kwa hiyo, haikuwa tarehe ya kuhesabia chochote, lakini iliandikwa juu ya fomu kwa wino, na kila aliyeisoma baadaye aliiamini.

Hali yake ilikuwa nzuri. Presha ilikuwa 112 kwa 70, damu ya kutosha, kundi la damu O chanya, tumbo laini, na mlango wa kizazi ulikuwa umefungwa. Alikuwa akitokwa na matone ya rangi ya kahawia tu. Mtaalamu wetu wa skani alimwomba ruhusa ya kutumia kipimo cha ndani, kinachopitia ukeni, kwa sababu kile cha juu ya tumbo hutazama kupitia ngozi, mafuta na kibofu, na katika wiki za mwanzo kinaweza kushindwa kuona kile ambacho cha ndani kinaona. Aliogopa kwamba kitamwongezea damu. Tulimweleza kwamba hakifiki kwenye mimba wala hakiidhuru, akakubali. Mfuko wa mimba ulikuwa mahali pake, na ndani yake kulikuwa na kifuko cha kiini, lile duara dogo jeupe kama pete, ambalo likiwepo hutuhakikishia kwamba mimba haiko kwenye mrija. Kando ya pete kulikuwa na kiinitete cha milimita 3.4. Tulitazama kwa zaidi ya dakika moja bila kuona kitu chochote kinachopepesa.

Kanuni inayohusika hapa ni rahisi kuikumbuka, nayo ilitungwa baada ya makosa mengi. Zamani wataalamu wengi walitosheka na milimita 5: kiinitete kikifikia urefu huo bila mwendo wa moyo, mimba ilihesabiwa kuwa imekufa. Kisha ikaonekana kwamba vipimo vya mtu mmoja na mwingine hutofautiana, kwamba mashine hazilingani, na kwamba mimba chache zilizohukumiwa hivyo zilikuwa hai. Uingereza ilibadilisha vipimo vyake mwaka 2011, na chama cha Marekani cha wataalamu wa picha za altrasaundi kilikutana mwaka 2012 na kuchapisha makubaliano mwaka uliofuata: kwa kipimo cha ndani, kiinitete kiwe na milimita 7 au zaidi bila mwendo wa moyo, au mfuko uwe na kipenyo cha milimita 25 au zaidi bila kiinitete, ndipo useme kwa uhakika. Chini ya hapo, rudia. Mwongozo wa Uingereza unataka kungoja kusipungue siku 7, na siku 14 ikiwa kipimo kilichotumika ni cha juu ya tumbo peke yake. Milimita 3 za mama huyu hazikufika hata kwenye kipimo kile cha zamani.

Nilimwambia: "Mama, mapigo hayajaonekana." Alinitazama, akauliza kama nimesema hayapo. Nikarudia. Lugha yetu imetupa kiambishi kidogo, -ja-, ambacho hubeba habari mbili kwa pamoja, kwamba jambo halijatokea na kwamba mlango wake haujafungwa, na sijui kwa nini tunaoeleza matokeo ya skani tunakiacha nyumbani tunapokuja kazini. "Hayajaonekana" haliahidi kwamba yataonekana. Linasema ukweli wote tulionao siku hiyo, bila kuongeza wala kupunguza. Alikaa kwenye benchi kwa muda, akaukunja upya mkoba wake, kisha akauliza swali ambalo karibu kila mama huliuliza: kama kuna dawa ya kushikilia mimba. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, wenye wanawake zaidi ya 4,000 waliokuwa wakitokwa na damu mapema, haukuonyesha kwamba projesteroni, homoni inayotegemeza mimba, inasaidia wote. Dalili ya msaada ilionekana kwa wale waliowahi kupoteza mimba hapo awali. Yeye hakuwa miongoni mwao. Kulala kitandani pia hakubadilishi kitu. Tulimpa tarehe ya kurudi, 2 Julai, na orodha ya mambo ya kumrudisha mbio hata usiku: damu ya kujaza pedi mbili kwa saa, maumivu makali, homa, kizunguzungu cha kuangusha.

Mjadala ulimkuta nyumbani katika siku zile 8. Mamamkwe wake alikuwa amekuja kutoka Machakos kumsaidia, na kwenye simu yake kulikuwa na video fupi aliyotumiwa na wenzake wa kanisa, inayosema kwamba moyo wa mtoto huanza kupiga siku ya 22. Kwa jumla hilo ni kweli: moyo huanza kusogea wiki ya 4 tangu kutungwa kwa mimba. Lakini video inahesabu tangu mimba kutungwa, ilhali kliniki zote huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, takribani wiki mbili nyuma, kwa hiyo siku ile ya 22 ndiyo kwetu mwanzo wa wiki ya 6, wakati kiinitete kina milimita mbili hivi na mashine nyingi hazioni kitu. Mamamkwe alifanya hesabu kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angeifanya. Moyo hupiga siku ya 22, huyu ana zaidi ya siku 50, moyo haupigi, basi mtoto amekufa, na hawa wa kliniki wanamdanganya binti wa watu. Mume naye alikuwa amesoma kuhusu sheria za Marekani, akaniuliza kwa simu: kama Texas wanaweza kusema moyo unasikika wiki ya 6, sisi tunashindwaje wiki ya 7?

Swali lake lilikuwa la haki. Sheria ya Texas iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2021 ilikataza utoaji mimba pindi mwendo wa moyo unapoonekana, jambo ambalo kwa kawaida huwa karibu na wiki ya 6. Georgia ilikuwa imepitisha ya aina hiyo mwaka 2019, na baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuondoa ulinzi wa kikatiba wa utoaji mimba tarehe 24 Juni 2022, majimbo mengine yalifuata, Florida ikianza kutumia yake tarehe 1 Mei 2024. Wanaoziunga mkono huuita mwendo huo mapigo ya moyo wa mtoto. Chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani hujibu kwamba katika wiki hizo hakuna moyo kwa maana ya kiungo kilichokamilika: kuna mrija mdogo uliojikunja, wenye chembe zinazojikaza kwa mpangilio, na vyumba vinne hukamilika wiki kadhaa baadaye. Sauti ambayo mtu huisikia kwenye chumba cha skani si ya vali zinazofunga kama katika kifua cha mtu mzima. Mashine ndiyo inayogeuza mwendo kuwa sauti. Nchini kwetu mstari haukuchorwa hapo kabisa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 26, inasema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha inaruhusu mtaalamu wa afya aliyehitimu kuchukua hatua panapohitajika matibabu ya dharura au maisha au afya ya mama inapokuwa hatarini. Mapigo hayatajwi.

Nina maoni yangu juu ya sheria hizo, lakini hapa nataka kusema jambo moja ambalo kisa hiki kilinionyesha na ambalo pande zote mbili hazilitazami. Wiki ya 6 ikishafanywa kauli ya kuchapishwa kwenye mabango, mwili wa mwanamke hutakiwa kuitii. Mwanamke anayeitaka mimba yake kwa moyo wote, asiyejua siku zake, akikosa kuonyesha mapigo kwa tarehe iliyotangazwa, huonekana amepoteza. Kauli iliyotungwa kulinda mimba ilikaribia kumpeleka mama huyu mezani akiwa na mimba ambayo siku ile hakuna aliyekuwa na haki ya kusema imekufa.

Tarehe 2 Julai walikuja watatu. Baridi ya Julai ilikuwa kali na mamamkwe hakuvua koti. Mtaalamu wa skani alikipata kiinitete upesi, milimita 5.9, akakivuta karibu kwenye kioo, na pale pembeni kabisa, mahali ambapo mtu asiyezoea angedhani ni kasoro ya picha, palikuwa panapepesa: nukta ya kijivu inang'aa, inafifia, inang'aa, kama kope ya mtu anayetaka kuamka. Nilisema, "Moyo huo, mama, unapiga." Mamamkwe alitoa kelele ya shukrani. Mume alitoa simu na kuanza kurekodi kioo. Waliomba kusikia sauti, mtaalamu akakataa kwa upole, kwa kuwa kipimo cha sauti hutumia nguvu nyingi zaidi na haishauriwi kukielekeza kwenye kiinitete cha umri ule bila sababu. Badala yake alipitisha mstari juu ya nukta ile ili mwendo wake ujichore kama mawimbi, apime nafasi kati ya wimbi na wimbi.

Akaniomba nimshike mama mkono. Nilidhani anataka nimfariji, kumbe alitaka nihesabu. Mapigo yanapokuwa ya polepole namna ile ni lazima uhakikishe kwamba hupimi mshipa wa mama. Vidole vyangu vilikuwa juu ya kifundo chake kwa dakika nzima, nikiitazama saa ya ukutani: 104, kwa furaha na hofu. Mawimbi ya kioo yalisema 86. Kiinitete cha umri ule hupiga kati ya 100 na 115 hivi kwa dakika, kisha huongeza mwendo kila siku hadi karibu na 170 kufikia wiki ya 9. Huyu alikuwa anakwenda polepole kuliko mama yake. Na kiinitete chenye afya hukua kama milimita moja kwa siku, ilhali hiki katika siku 8 kilikuwa kimeongeza milimita 2.5 tu. Mapigo chini ya 90 katika wiki hizo ni ishara mbaya sana. Nyingi ya mimba hizo hazivuki miezi mitatu ya kwanza.

Niliyaeleza hayo yote, tena kwa maneno ya wazi, na niliona kwamba hakuna aliyenisikia. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa imeshafunga mlango. Yule wa mlangoni alisema "hana" wakati ukweli ulikuwa "hayajaonekana". Mimi nilisema "unapiga" kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema, wakati ukweli ulikuwa "unaonekana leo, tena kwa udhaifu". Sioni kwamba kosa langu lilikuwa dogo kuliko lake. Jioni hiyo ile video ilitumwa kwa ndugu, na binti wa miaka 5 akaambiwa kwamba atapata mdogo wake.

Tulipanga skani ya tatu tarehe 11 Julai. Kiinitete kilikuwa na milimita 7.8. Nukta haikuwepo. Mtaalamu alitazama kwa dakika tatu, akatoka, akamwita mwenzake atazame peke yake bila kuambiwa chochote, na wote wawili walifikia jambo moja. Hapa kanuni zote mbili zilikubaliana: urefu umevuka milimita 7, na mwendo uliowahi kuonekana haupo tena. Safari hii nilisubiri hadi mama amekaa na amevaa, mume yuko kando yake, ndipo nikasema: "Mama, mapigo tuliyoyaona hayapo tena. Mimba imesimama. Tumetazama watu wawili, na tuna hakika." Aliuliza kama ni kwa sababu alibeba mzigo wa nguo Gikomba. Nilimwambia hapana, na nikamwambia tena hapana alipouliza mara ya pili kwa maneno mengine. Mimba nyingi zinazosimama mapema huwa na kasoro ya kromosomu iliyokuwepo tangu kutungwa, na hakuna mzigo wala ugomvi unaoisababisha.

Kuna njia tatu kutoka hapo: kungoja mwili umalize wenyewe, kutumia tembe, au kusafishwa kwa bomba la kunyonya la mkono. Alichagua tembe. Mume aliinamisha sauti na kuuliza kama hawatashtakiwa, maana misoprostoli, dawa ya tembe hizo, anaijua kwa sifa yake nyingine, ya kutoa mimba, na Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 158 hadi cha 160, bado inatisha watu wengi ambao haiwahusu. Nilimwonyesha ripoti yenye saini mbili. Kumtibu mama ambaye mimba yake imeshasimama ni matibabu ya mimba iliyoharibika, na karatasi inayosema hivyo kwa tarehe, kwa milimita na kwa majina ya waliotazama ni kinga ya mama na ya mkunga pia. Lau angesafishwa tarehe 24 Juni, faili lake lingebaki na kipimo kimoja cha milimita 3 na sentensi ya mlangoni.

Wenzangu wawili waliniambia kwamba tulimchosha bure: angesafishwa siku ile ya kwanza, mwisho ungekuwa ule ule, bila matumaini ya siku 9 yaliyomvunja zaidi. Nimelifikiria sana jambo hilo, kwa kuwa huzuni yake niliiona kwa macho. Lakini tarehe 24 Juni hakuna aliyeujua mwisho. Mimba ile ilikuwa hai tarehe 2 Julai, na waliotaka kuitoa tarehe 24 wangekuwa wameitoa ikiwa hai, kutoka kwa mama aliyeitaka, bila yeye wala wao kujua. Nilimwuliza yeye mwenyewe aliporudi baada ya wiki 3 kwa kipimo cha mkojo, nacho kikasema hakuna mimba. Alijibu kwamba angependa tusingemwonyesha ile nukta kwa furaha namna ile, lakini kwamba skani ya pili asingekubali kuikosa.

Tangu Agosti, kwenye chumba chetu cha skani, anayetazama kioo hasemi neno hadi amemaliza kupima, na ripoti ya Kiingereza huandamana na mistari mitatu ya Kiswahili kwa mkono, inayosomwa kwa sauti mbele ya mama: tulichokiona, ambacho hatujakiona, na siku ya kutazama tena.

Alirudi mara nyingine tarehe 28 Agosti kuchukua vidonge vya foliki, akaombwa kujaza fomu mpya. Alipofika penye hedhi ya mwisho alitoa kwenye mkoba kalenda ndogo ya mfukoni, akaifungua juu ya meza yangu na kunionyesha tarehe 19, iliyozungushiwa duara kwa kalamu nyekundu mara mbili.